UZI: "Ni mimi au ni rangi yangu?" Swali ambalo mtoto wa miaka 13 analibeba darasani peke yake

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi.

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha, mwaka wa 11 sasa, na muda mwingi nimefanya kazi kwenye shule ambazo watoto wa rangi moja wamejaa na wa rangi nyingine unawahesabu kwa vidole. Shule sitaitaja, mtoto sitamtaja, na nchi haina umuhimu hapa.

Asubuhi moja nilikaa nyuma ya darasa, mwalimu anaita majina. Anaita harakaharaka, kila mmoja "nipo", "nipo". Akafika kwenye jina fulani akasita, kama mtu anayepima dimbwi kabla ya kuruka. Kabla hajafungua mdomo, binti wa karibu na dirisha akasema, "Nipo." Mwalimu akaweka alama, akaendelea na jina linalofuata. Hakuna aliyecheka wala aliyetukana. Ukimwuliza mwalimu yule kama kuna ubaguzi darasani kwake ataapa kwamba haupo, na hatakuwa anadanganya.

Baadaye nikamwuliza yule binti kwa nini hasubiri kuitwa. Akasema, "Namsaidia tu mwalimu. Jina langu linamsumbua."

Miaka 13. Kila asubuhi ya masomo anaanza siku kwa kumpunguzia mtu mzima aibu, na gharama yake ni kwamba jina lake halifiki mwisho.

Nimekuja na hoja moja tu. Tukizungumzia rangi, shule na afya ya akili ya vijana, mawazo yetu hukimbilia matusi na ngumi. Hayo yapo na yanaumiza. Ila kinachowachosha wengi wa wanaokuja ofisini kwangu ni kubahatisha. Kapewa alama ndogo: ni kazi mbovu au mwalimu ananiona hivi? Hakuchaguliwa kwenye kundi: hawanipendi mimi, au hawapendi watu kama mimi? Kakaripiwa peke yake wakati waliopiga kelele ni wanne. Hakuna anayemjibu, na hana ushahidi wa kumpelekea mtu. Analibeba swali nyumbani, analala nalo, kesho anarudi nalo.

Nasikia watu wakisema "watoto hawaoni rangi". Wanaona mapema sana. Miaka ya 1940 huko Marekani, Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wote wanasaikolojia, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, yupi anafanana na wewe. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Ushahidi huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku kutenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma.

Kwa hiyo rangi mtoto anaijua tangu yuko mdogo. Kinachoongezeka akibalehe ni uwezo wa kujitazama kwa macho ya wengine. Mtoto wa miaka 7 anajua ngozi yake ni ya aina gani. Wa miaka 13 anajua wewe unafikiri nini kuhusu ngozi hiyo, au anadhani anajua, na usiku kucha hayo mawili hayana tofauti. Umri huohuo ndio matatizo mengi ya afya ya akili yanapoanza kuchipua: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Sisemi yote yametokana na rangi, msinilishe maneno.

Na kwa nini shule? Kwa sababu nyumbani rangi yake si habari. Wote wanafanana naye, au angalau wamemzoea. Shuleni ndiko anakopangwa, anakopimwa, anakoadhibiwa na kulinganishwa mbele ya watu, siku tano kwa wiki, na hana ruhusa ya kuondoka.

Karibuni tujadili. Matusi hapana.

---

Dawati la Nyuma

Nimesoma hadi hapo kwenye "namsaidia mwalimu" nikaweka simu chini kwanza.

Mimi ni yule binti, ila wa kiume na nimeshakuwa mkubwa. Kwangu ilikuwa somo la historia. Tulifika mada ya utumwa. Mwalimu hakusema kitu kibaya, alisoma kitabu kama kilivyo. Ila aliposema lile neno tu, vichwa vikageuka. Darasa zima wananitazama, wengine kwa huruma kabisa. Nilikodolea macho kona ya dawati ambako mtu alikuwa amechonga herufi mbili kwa bikari, nikazisoma mpaka kengele. Herufi zenyewe nazikumbuka hadi leo. Somo silikumbuki.

Kilichoniuma ni kwamba kitabu chote cha mwaka mzima, watu wanaofanana na mimi walitokea kwenye sura hiyo moja tu, wakiwa na minyororo. Kabla yake hatukuwepo, na baada yake tukapotea tena.

---

Mzee wa Hoja

Mleta mada, nakuheshimu, ila naona mnalea watoto wa mayai. Sisi tulitaniwa kwa kila kitu: rangi, meno, umbo la kichwa, kabila. Tukataniana tukakua. Leo mtoto akiitwa jina vibaya tayari ni afya ya akili? Maisha ya nje ya geti hayana mwalimu wa ushauri nasaha. Mfundisheni mtoto asome, apate alama, watamheshimu wenyewe.

---

Mleta uzi

Mzee wa Hoja, shikamoo. Nimefurahi umekuja, maana hoja yako ndiyo naipata kila kikao cha wazazi.

Utani nao una kanuni zake. Mnataniana wewe na mwenzio mkiwa sawa, leo zamu yako, kesho yake, na ukichoka unasema basi. Anayetaniwa rangi akiwa peke yake kati ya 40 hana zamu ya kurudisha. Akicheka wanasema ameridhika, akikasirika wanasema "hawa watu wana hasira". Atatokaje hapo?

Na hilo la "apate alama watamheshimu": mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford maswali magumu ya lugha. Kundi moja waliambiwa mtihani unapima uwezo wao wa akili, jingine wakaambiwa ni zoezi tu la kuchunguza jinsi watu wanavyotatua maswali. Wanafunzi weusi walioambiwa unapima akili walifanya vibaya kuliko weusi wenzao walioambiwa ni zoezi, na maswali ni yaleyale. Watafiti waliokuja baadaye wamebishana sana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, wengine wameipata ndogo. Ila mimi naliona ofisini: mtoto anaingia kwenye mtihani na kazi mbili, kujibu maswali na kuitetea rangi yake. Mwenzie ana moja.

---

Mzee wa Hoja

Marahaba. Hapo kwenye zamu umenigusa, nakubali. Hilo la mtihani bado nalitafakari. Ila nauliza kitu: mkikaa kumwambia mtoto kila siku "utabaguliwa, utabaguliwa", si ndiyo mnampandikiza hofu? Bora asijue.

---

Mama Wawili

Mzee wangu, nami nilifikiri hivyohivyo. Wa kwanza sikumwambia kitu, nikasema nimwache ale utoto wake. Akiwa na miaka 12 alianza kuvaa sweta lenye kofia hadi siku za joto. Nikadhani ni fasheni. Kumbe kuna wenzake walikuwa wakimshika nywele kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, "hebu niguse na mimi", na yeye hajui kama hilo ni kosa au ni upendo. Hakuwa na neno la kuliita. Angekuwa na neno angeniletea. Kwa kukosa neno, akaleta sweta.

Wa pili nilimwambia mapema. Sikumwambia "utabaguliwa". Nilimwambia: nywele zako zinatoka kwa bibi yako, ni zako, anayetaka kuzigusa aombe, na una haki ya kukataa. Basi. Ilinichukua muda mfupi kuliko kumsuka.

Na shule niliyompeleka wa kwanza, nilipokwenda kulalamika niliambiwa "watoto ni watoto tu". Nikakaa kwenye gari nikalia, halafu nikajipangusa nikaenda kazini.

---

Mleta uzi

Mama Wawili, sina la kuongeza kwenye sweta. Wacha nimjibu Mzee kwa njia ya kitaalamu kidogo, asije akasema tunaendeshwa na machozi.

Mtafiti Jean Phinney mwaka 1989 alieleza kwamba vijana hupita hatua katika kuijua asili yao, yaani jamii wanayotoka. Mwanzoni hajachunguza kitu: ama hajali, ama amemeza anachosema kila mtu. Kisha anaanza kutafuta, anauliza, anasoma, anachagua watu wa kukaa nao. Mwisho anatulia, anajua yeye ni nani bila kuhitaji kumwonyesha mtu. Hatua ya katikati ndiyo inayowatisha walimu. Wanaona kundi la watoto wa rangi moja wamekaa pamoja mapumziko, wanakuja mbio kwangu: "wanajitenga!" Mbona walio wengi wakikaa pamoja meza nane hakuna anayekuja mbio?

Kikundi kile ndipo mahali pekee kwa siku nzima ambapo mtoto habahatishi. Mwenzie akimwambia "umekosea", anajua amekosea. Anapumzika. Ndiyo maana nawaambia walimu wawaache wakae.

Kinachotokea mara nyingi kwenye tafiti ni kwamba kijana anayejivunia asili yake anaumizwa kidogo zaidi na ubaguzi kuliko asiyejua la kufanya na asili hiyo. Ila kuna mtego humohumo: anayeifanya rangi kuwa ndiyo kila kitu chake huona mambo mengi zaidi na huweza kuumia zaidi yakitokea. Kwa hiyo Mzee hukukosea kabisa. Kumjaza hofu bila kumjaza asili yake ni kumpa mwavuli wenye matundu.

---

Rangi Mbili

Naomba nichangie upande ambao haujaguswa. Baba wa huku, mama wa kule. Hicho kikundi cha mapumziko mnachokisifia, mimi hakikunipokea. Kwa hawa nilikuwa mweupe mno, kwa wale nilikuwa mweusi mno. Fomu ya shule ilikuwa na visanduku, weka alama kimoja. Mwalimu akaniambia "weka chochote". Niliweka tofauti kila mwaka, kutegemea nani alikuwa amenifurahisha wiki hiyo, hahaha.

Sasa nacheka. Kidato cha pili sikuwa nacheka, nilikuwa nashinda chooni mapumziko yote. Hakuna aliyegundua, sababu alama zilikuwa nzuri.

---

Mleta uzi

Mkuu, hiyo sentensi yako ya mwisho ningeibandika kwenye mlango wa kila ofisi ya walimu. Mtoto mwenye alama nzuri haangaliwi. Sonona ya kijana si lazima iwe kulia. Inakuja kama hasira, kama usingizi, kama tumbo linalouma kila Jumatatu, kama mtoto mtulivu ambaye "hana shida kabisa".

Na ni hapohapo rangi inapoingia kwa mlango wa nyuma. Watoto wawili wana huzuni ileile, wote wamegeuka wakali. Mmoja anaambiwa "ana kitu kinamsumbua, mpelekeni kwa mshauri". Mwingine anaambiwa "ana kiburi, mpelekeni kwa mkuu wa nidhamu". Ofisi ya serikali ya Marekani inayokagua matumizi, katika ripoti ya 2018, ilikuta kwamba mwaka wa masomo 2013–14 wanafunzi weusi walikuwa takriban 15.5% ya wanafunzi wote wa shule za umma, lakini walikuwa 39% ya waliosimamishwa masomo. Pengo hilo lilionekana katika shule za maskini na za wenye nacho vilevile. Mtoto aliyetakiwa kupata mtu wa kuzungumza naye anapata barua ya kukaa nyumbani siku tatu. Huko nyumbani yuko peke yake na lile swali.

---

Chaki Nyeupe

Nimevumilia kusoma, sasa niseme. Mimi ni mwalimu, wa rangi ya walio wengi. Hizi mada zinatufanya tuogope hadi kusahihisha daftari. Nikimkaripia mtoto mweusi mimi mbaguzi, nisipomkaripia nimemtelekeza. Siku hizi kazi yake nikiona mbovu naandika "vizuri" yaishe. Niambieni, nifanye nini?

---

Mleta uzi

Mwalimu mwenzangu, asante kwa kusema kweli, wengi wanafanya hivyo na hawasemi. Ila hiyo "vizuri" yako ni sumu kuliko wino mwekundu. Mtoto anajua kazi yake ni mbovu. Akiona "vizuri" anaelewa kwamba humtarajii zaidi ya hapo.

Lipo jaribio lililochapishwa mwaka 2014 na David Yeager na wenzake. Wanafunzi wa darasa la saba waliandika insha kuhusu mtu wanayemwona shujaa. Walimu wakasahihisha kwa ukali wa kawaida, kisha kila daftari likabandikwa kikaratasi. Nusu kiliandikwa, kwa maana yake, kwamba maoni haya ni ya kukusaidia kuona kazi yako ilivyo. Nusu kiliandikwa: nakupa maoni haya kwa sababu natarajia makubwa kwako na najua unaweza kuyafikia. Walimu hawakujua nani kapata kipi. Wanafunzi wote wakapewa nafasi ya kuandika upya wakitaka. Kati ya wanafunzi weusi waliopata kikaratasi cha kwanza, 17% waliandika upya. Waliopata cha pili, 72%.

Kundi lilikuwa dogo, usiende kulitangaza kama dawa ya kila kitu. Lakini tazama kikaratasi kinafanya nini. Hakisifii wala hakipunguzi wino. Kinamwondolea kubahatisha. Kimemjibu lile swali kabla hajaliuliza: wino huu mwekundu ni kwa sababu ya insha, na nimekuandikia kwa sababu naamini unaweza.

Sahihisha kwa ukali, mwalimu. Mweleze tu kwa nini.

---

Dawati la Nyuma

Na historia je? Maana mimi kikaratasi kisingenisaidia siku ile.

---

Mleta uzi

Kweli kabisa, hilo ni la mtaala, halimalizwi na mwalimu mmoja kuwa na roho nzuri. Thomas Dee na Emily Penner walifuatilia shule za San Francisco zilizoanzisha somo la historia na tamaduni za jamii mbalimbali kwa kidato cha kwanza, ambapo watoto waliokuwa na alama za chini ndio waliosukumwa kulisoma. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017 yalionyesha mahudhurio yao kupanda kwa pointi 21 za asilimia, na alama zikapanda pia, hadi za hesabu na sayansi. Mtoto alikuwa akikosa sababu ya kuja, akaipata.

Na kanuni za shule nazo ni mtaala. Mwaka 2016 wasichana wa shule moja ya Pretoria waliandamana kwa sababu walikuwa wakiambiwa nywele zao za asili si nadhifu. California mwaka 2019 ikawa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya kuzuia ubaguzi wa nywele shuleni na kazini. Fikiria, sheria nzima imetungwa kujibu swali alilokuwa akijiuliza mtoto wa Mama Wawili chini ya kofia ya sweta.

---

Mzee wa Hoja

Mleta uzi, nimempigia mjukuu wangu simu. Anasoma mbali, shule ya aina hiyohiyo. Nikamwuliza wanamwitaje shuleni. Akanitajia jina silijui. Nikamwuliza hilo limetoka wapi. Akasema mwalimu alilifupisha siku ya kwanza, na yeye akaona basi yaishe.

Jina lile ni la marehemu mke wangu. Mimi ndiye niliyempa.

---

Mama Wawili

Pole sana mzee wangu. Ulimwambia nini?

---

Mzee wa Hoja

Sikujua la kumwambia. Nilimwita tu kwa jina lake lote. Akacheka, akasema babu mbona unaniita kama nimefanya kosa.

---

Chaki Nyeupe

Narudisha mrejesho, maana uzi huu umeninyima usingizi.

Leo asubuhi niliingia darasani, nikasema kabla ya kuita majina: kila mmoja anitamkie lake taratibu, mimi narudia, nikikosea anirekebishe. Wakacheka, wakadhani ni mchezo. Mmoja alinirekebisha mara tatu, darasa zima likawa linanisaidia. Huyo nilimtarajia.

Ambaye sikumtarajia ni kijana mmoja ambaye jina lake naliita tangu Januari bila kusita hata siku moja. Nilipomfikia akalitamka, na silo ninaloliita. Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia miezi yote hii?" Akainua mabega, akasema nilikuwa nalitamka kwa uhakika sana.

Nimeandika kila jina jinsi linavyotamkwa, kwa penseli, pembeni ya daftari la mahudhurio. Kesho naanza na mwenye dirisha.